Tonge la Kwanza la Wema

Vuteni vigoda msogee, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni, na sipendi neno langu liokotwe nusu, kisha kesho lisimuliwe likiwa limeota miguu mingine. Edgar, ingia ndani. Acha kusimama kizingitini kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba na hajui aanzie wapi. Wewe ndiye mkubwa, kaa hapa upande wa kichwani. Hawa, mkwe wangu, baki hapo hapo kwenye sufuria, kwa kuwa leo mikono yako ndiyo mikono yangu. Na wewe, Scholastica, mkalishe mdogo wako kwenye mkeka, mgongo uegemee ukuta, halafu mto umwekee kushoto, kwa sababu Wema akishikwa na kifafa huangukia kushoto. Hilo mlishike. Ni la kwanza katika wosia wangu, wala msifikiri ni dogo.

Najua mmejiuliza kwa nini nimetaka kitanda kiletwe huku jikoni, penye moshi na masizi, wakati wazee wengine huagana na watoto wao sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria, majirani wakisikia. Nimetaka hivyo kwa kuwa ninachowaachia hakiko sebuleni. Leo mtapika chakula. Mimi nitasema na ninyi mtatenda, na mtakula mbele yangu jua lingali juu, kabla ukungu haujashuka ukafunika kijiji chote cha Gare. Nikishaona mmekula, nitakuwa nimemaliza kazi yangu.

Mimi sitakula. Mnajua. Uvimbe umeziba koo, na daktari alinionyesha kwa ncha ya kalamu yake namna njia iliyobaki ilivyo nyembamba, akaniambia yote kwa upole, nami nikamshukuru kwa upole huo, maana si kazi rahisi kumwambia mkulima kwamba atakufa kwa njaa akiwa katikati ya kabichi zake. Sasa hata uji mwepesi unarudi puani. Sisemi haya ili mlie. Scholastica, futa machozi, tuna samaki wa kuchambua. Ninayasema kwa sababu ya mdogo wenu.

Mtazameni Wema. Mtazameni vizuri, msigeuze nyuso. Pasaka iliyopita mabega yale yalikuwa na nyama. Ninyi mmesema ugonjwa wake umezidi, jirani yetu Zabron amesema karogwa, na katekista kwa huruma yake amesema ni huzuni ya kuniona hivi nilivyo. Si lolote kati ya hayo. Wema ana njaa. Hali kwa sababu mimi sili. Tangu alipokuwa msichana mdogo hajawahi kutia chakula kinywani mwake kabla mtu mwingine hajapokea tonge la kwanza kutoka mkononi mwake, mkono ule wa kulia, ulioungua, na tangu mama yenu alipolala kaburini aliyekuwa akilipokea tonge hilo ni mimi peke yangu. Sasa sina pa kulipitishia. Mwanzoni nililiweka shavuni, nikageukia ukutani nikalitema kwenye kitambaa, naye akala. Siku moja akakiona kitambaa. Hakulia. Aliurudisha mkono wake taratibu akaufunika kwa kanga, na tangu siku hiyo chakula chake hupoa mbele yake, kikaenda kwa kuku. Hawezi kusema, lakini si mjinga, wanangu. Usiku nasikia tumbo lake likinguruma kule upande wa pili wa pazia, nami langu linamjibu. Nikifa kabla hajapatikana wa kupokea tonge lake, fundi wa jeneza asipange mbao zake mbali, maana mtamwita tena.

Hilo ndilo linalonifanya niendelee kuvuta pumzi. Mengine ni mabati na udongo.

Hawa, maji yamechemka? Tia tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, chumvi kidogo, kisha walaze samaki taratibu, wasivunjike. Hao ni perege, wamepandishwa na basi la asubuhi kutoka Mombo, na nimeagiza wakubwa kwa sababu mwiba mkubwa hauwezi kujificha. Usiwakaange. Najua kwenu Tanga mnakaanga, na mnakaanga vizuri, sibishi. Unacheka nini? Sema kwa sauti, mimi sina muda wa kusubiri heshima.

"Baba, tambi kwa samaki? Kwetu tambi ni za sukari na iliki, za futari."

Naam, nilizila tambi hizo siku nilipokuja kwenu kumposea huyu Edgar, na zilikuwa tamu mpaka meno yakaniuma, nikaongezwa sahani ya pili nikaila kwa adabu. Hizi za leo si za futari wala za sherehe. Ni za Wema. Funika sufuria.

Wakati samaki wanaiva nigawe mali, kwa kuwa mali yetu haihitaji muda mrefu kuliko samaki. Shamba la bondeni, lile la kabichi na karoti, ligawanyweni pale penye ule mti wa mgrevilea uliopigwa na radi: upande wa juu ni wa Edgar, upande wa mtoni ni wa Scholastica. Ndiyo, mwanangu, umesikia sawasawa, ni wako. Baba zenu wadogo watakuja kusema kwamba mwanamke aliyeolewa hapewi udongo wa ukoo. Waacheni waseme, wapeni chai wakimaliza, kisha wakumbusheni kwamba nilikwisha kulitamka jambo hili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Maji ya mfereji, Zabron aendelee kuyachukua asubuhi kama alivyotaka siku zote. Tulinuniana kwa ajili ya zamu ya maji mpaka tukaota mvi wote wawili, na maji yenyewe hayakuacha kuteremka. Mwambieni sina kinyongo, na mwambieni pia kwamba ukingo wake wa juu unavuja, asipouziba atalima tope. Ng'ombe ni wa Hawa, kwa kuwa humu ndani yeye peke yake ndiye ambaye ng'ombe huyo hampigi teke. Nyumba, jiko hili, mipeasi na miplamu ya nyuma, ni vya Wema muda wote atakaokuwa hai, asiuze mtu wala asibomoe mtu. Akishalala, vitarudi kwenu.

Nimegawa kwanza kwa makusudi. Sikutaka mtu apokee tonge la ndugu yake huku jicho moja liko shambani. Sasa kila mmoja ana chake, wala hakuna kitakachoongezwa au kupunguzwa kwa atakayepokea au atakayekataa. Nitakayemwomba, nitamwomba nikiwa sina kitu mkononi cha kumpa.

Toa samaki, Hawa, uwaweke kwenye ungo wapoe. Maji yao usiyamwage, ndiyo yatakayopika tambi. Scholastica, nawa mikono uchambue miiba. Usitumie macho. Papasa kila kipande kwa vidole viwili, kama unavyotafuta chawa kichwani mwa mtoto, kwanza hivi, halafu kinyume. Wema hula kwa pupa akiwa na furaha, na akianguka na mwiba mdomoni hamtakuwa na la kufanya. Umemaliza? Umemaliza kabisa? Hebu nipe hicho kipande nikishike. Hiki hapa ni nini?

"Tate, nilidhani nimemaliza."

Hata mimi baba yako nimewahi kudhani hivyo, mara nyingi. Rudia.

Chakula hiki nilikiona mara ya kwanza kwa Sista Efrazia, yule aliyekuwa mpishi wa masista, Mungu amrehemu. Wema alikuwa amelazwa hospitalini kwao kwa ile ajali ya moto, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na wodini akina mama walikuwa wamemtengea sahani yake, ya bati, wakaitoboa ukingoni kwa msumari ili isichanganywe na za watoto wao. Sikuwalaumu, wala leo siwalaumu. Kila mmoja alikuwa na mtoto wake kitandani anayemwogopea, na sote katika milima hii tulikuwa tumelelewa na neno moja, kwamba kifafa hukaa kwenye povu na mate, na kwamba atakayeguswa nayo ataanguka kama yule aliyemgusa. Mimi nililipata neno hilo kwa bibi yangu, na bibi yangu alinipenda kuliko mtu yeyote duniani. Ndiyo maana uongo ule uliishi muda mrefu hivyo. Ulikuwa ukitoka kwa watu wanaotupenda.

Wema alikuwa ameacha kula. Ijumaa moja Sista akaja na bakuli. Hapakuwa na nyama kwa sababu ya Ijumaa, alikuwa na samaki, na tambi walizoachiwa na wageni, na mboga za bustani yao, akavichanganya vyote katika sufuria moja kwa kuwa kuni zilikuwa chache. Alikaa kitandani pale pale, akaushika ule mkono, akavielekeza vidole viwili vilivyopona vichote, akaviinua mpaka kinywani mwake yeye Sista. Akala. Akalamba na kilichobaki kwenye vidole. Mama mmoja akamvuta mtoto wake upande wa pili wa kitanda. Sista akamwambia, "Mgeni nimekula, mama. Na mwenyeji ale." Wema akala mpaka bakuli likaisha. Tangu hapo amekuwa mwenyeji wa kila mlo wake, na amehitaji mgeni. Sista aliendelea kupokea tonge lake kila siku mpaka tuliporuhusiwa, akaishi mpaka akazeeka, akatembelea fimbo, na hakuanguka hata mara moja.

Sahani ile yenye tundu tuliletewa nyumbani kama mali yetu. Mama yenu, Eliza, hakuitupa na hakuipakulia mtu. Aliijaza udongo akapanda majani ya kitunguu, akasema tundu limekaa mahali pazuri pa kutolea maji. Ndiyo hiyo hapo dirishani. Chuma majani mawili, Hawa, uyakate juu ya mboga.

Mboga zikatwe nyembamba kama njiti: karoti, liki, hoho, kabichi ile changa ya katikati. Njegere zitangulie kwa kuwa ni ngumu. Mafuta kidogo, kitunguu kisiungue, nyanya moja iliyokwanguliwa, kisha mboga kwa mpangilio niliousema, zibaki na uhai, zisilainike kama za wagonjwa. Eliza alikuwa akipika hivi, nami nikikaa na kusubiri kuletewa. Alipofariki ndipo nikajifunza kukamata mwiko. Zabron alipita hapo nje siku ya kwanza akaniona kwenye moshi, akapaza sauti mpaka kijiji kizima kikasikia, "Lucian! Marehemu amekuachia na kanga zake, au umezinunua mwenyewe?" Nikamjibu kwamba kanga hazinifai, mimi mnene, labda aniazime za mama yake. Akacheka, nikacheka. Alipoondoka nikaunguza kitunguu, nikakaa chini nikalia, nikaanza upya. Lakini Wema alikula.

Scholastica, hili ni lako, lisikilize huku unachambua. Siku ya harusi yako shangazi yenu alimfungia Wema kwenye stoo ya mahindi, wakwe wasije wakamwona akianguka wakaghairi. Wewe uliambiwa amelala. Nilipotoka kanisani nilimkuta shangazi amekaa chini nje ya mlango wa stoo na ufunguo mkononi, gauni jipya limejaa vumbi, analia kwa sauti ya chini ili wasimsikie waliokuwa wanapiga vigelegele. Alikuwa akikuokolea ndoa, na alijua anachofanya ni kibaya, na alikifanya. Nilifungua mlango tu. Nimekukumbusha kwa sababu najua umekuwa ukiulizia kituo cha kumpeleka mdogo wako, kule Tanga. Usishtuke. Sikukasirika. Una watoto wadogo, una mume anayeogopa asichokijua, na hayo ni mambo ya kweli. Ila jiulize kama katika kituo chochote yupo mpishi atakayepita kitanda kwa kitanda akila tonge kutoka mkono wa kila mgonjwa. Kama yupo, mpeleke kwa baraka zangu. Kama hayupo, utakuwa umemfungia tena kwenye stoo, hata kama ina madirisha mazuri.

Subiri... subiri nipumue.

Hawa, nilowanishe midomo. Tone tu. Basi.

Edgar, chukua ile pakiti ya tambi, izungushie kitambaa zisirukeruke, uzivunje. Fupi, kama urefu wa kidole cha mtoto, kwa sababu mkono wa Wema hauwezi kukamata kirefu. Lile jiko la gesi uliloleta Krismasi liko bado kwenye boksi lake. Sikulidharau, mwanangu. Ni kwamba jiko hili la udongo nililijenga mwenyewe baada ya ajali, nikalipandisha mpaka kiunoni, ili asiwepo tena mtu wa kuanguka akakutana na moto. Wakati ule yalikuwa mafiga matatu chini, kama kwa kila mtu. Mbona umeacha? Endelea kuvunja. Usiniangalie. Vunja tambi, nami nizungumze.

Siku ile mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ua lote lilikuwa tope laini. Mama yenu alikuwa bondeni, mimi nilikuwa mashineni kusaga, wewe ulikuwa nyumbani na mdogo wako. Niliporudi Wema alikuwa amelala nje ya mlango wa jiko, mkono umeungua. Ulituambia kwamba ulikuwa umekwenda kuteka maji, ukarudi ukamkuta pale nje. Mama yenu aliamini. Lakini mimi ni mkulima, Edgar, maisha yangu yote nimeangalia chini. Niliona nyayo zako. Zilitoka jikoni zikikimbia, vidole vimezama, zikavuka ua mpaka kwenye mpeasi. Pale zikasimama; uligeuka geuka, tope lilikuwa limevurugika. Halafu zikarudi. Na kutoka jikoni ilikuja mistari miwili, ya visigino vya mtoto anayevutwa, na kati yake nyayo zako zikirudi kinyumenyume. Nilikukuta mferejini unajisugua mikono kwa mchanga mpaka inatoka damu.

Ulikuwa mtoto wa shule. Watu wazima wote uliowaamini walikuwa wamekuambia povu lile litakuangusha. Ulikimbia kama ulivyofundishwa, ukarudi bila kufundishwa na mtu yeyote. Nani katika kijiji hiki, kati ya wenye ndevu zao, angerudi? Namjua mmoja ambaye hakurudi kwa mtoto wake mwenyewe, na simtaji, maana naye alikuwa ameogopa tu.

Sikukuuliza. Niliona ni habari yako, nikasubiri uje uniambie ukiwa mtu mzima, nawe ukawa mtu mzima mahali pengine. Tangu uanze kazi ya ualimu Muheza hujala chakula ndani ya nyumba hii. Ni chai ya rangi, umesimama. Mara tumbo linakusumbua, mara umekula njiani, mara basi litakuacha. Umeleta mabati, umeleta gesi, umeleta blanketi. Mama yenu alidhani unaona aibu kwa umaskini wetu, akafa akidhani hivyo, akiwa amekuwekea sahani kabatini. Wewe umeishi na zile nyayo za kutoka. Mimi nimeishi na zile za kurudi, na ndizo zilizonipa usingizi miaka yote.

Usiseme kitu sasa. Tia tambi kwenye maji ya samaki. Koroga zisishikane.

Zikilainika, Hawa, toa, changanya na mboga. Samaki mwishoni kabisa, juu, usimkoroge sana asije akawa uji. Kamua limau. Pakueni kwenye sinia, moja, kubwa. Nisione sahani. Liwekeni mkekani mbele yake, mkae wote kulizunguka.

Nanusa tangawizi. Ajabu, pua bado inafanya kazi... pua haijui kwamba koo limekufa.

Kuna mengine ya kuwaambia kabla nguvu hazijaisha. Vidonge vyake vipo kwenye kikopo cha majani ya chai, juu ya kabati. Hupewa kila jioni kabla ya kula. Visikatizwe hata akikaa muda mrefu bila kuanguka. Hasa hapo ndipo watu hukatiza. Vikikaribia kwisha, mtu ateremke zahanati mapema, asingoje viishe. Akianguka, mgeuzeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimkimbie. Mkimchukua mahali pengine, jengeni jiko la juu kwanza ndipo mumchukue. Mimi mnizike kando ya Eliza, upande wa juu, maji ya mvua yanipitie mimi kabla yake... yaani, yampite yeye, mmenielewa. Matanga yangu msichinje. Pikeni hiki.

Ameuinua mkono.

Mnamwona? Hata harufu haijatulia, ameuinua... Anakuja kwangu. Scholastica, usimzuie. Wema. Wema wangu. Siwezi, mama. Tazama, nafumbua, hakipiti. Baba hawezi tena. Usiufunike mkono. Usiufunike. Wapo wageni wengine leo, geuka uone.

Hawa, wewe najua utakula, nimekuona umekwisha kusogea, na Mungu akubariki. Ngoja kidogo, mkwe wangu. Ngoja.

Edgar.

Umesimama tena... Sikuamuru. Nilisema sina cha kukupa, wala sina cha kukunyang'anya. Mlango huo hapo, hakuna atakayekufuata wala kukusema. Ila mkono wake unachoka, mwanangu. Hauwezi kukaa juu muda mrefu... mishipa ilikauka.

Macho yangu yana ukungu. Ninasikia tu.

Nyayo... zinakwenda mlangoni.

Zimesimama.

Nyamazeni wote. Hawa, usimwite.

...Zinarudi.

Piga magoti, hafiki huko juu. Hivyo. Fumbua. Usifumbe macho, anakutazama... Tafuna, mwanangu. Taratibu. Sasa meza. Nataka nisikie unameza, kwa kuwa mimi...

Nimesikia.

Acha alie, Scholastica. Acha alie huku anatafuna, haidhuru. Na yeye? Wema anakula? Niambieni, sioni. Niambieni kwa maneno.

Anakula.

Kesho atakunyooshea tena, Edgar. Na keshokutwa. Leo ndiyo ilikuwa rahisi, kwa sababu nipo. Pokezaneni zamu, wewe na Hawa na... na dada yako akiweza. Akiweza. Msimlazimishe.

Mungu awaachie koo wazi mpaka siku yenu ya mwisho. Awape mkono wa kunyoosha, na awape wa kupokea. Watoto wenu waambieni... kwamba povu ni mate tu. Ni mate. Mimi Lucian, baba yenu, nimewabariki, mmoja mmoja... Edgar... Scholastica... Hawa... na mwenyeji wetu.

Kuleni. Kitapoa.

Ule mto... Hawa... usogeze.

Kushoto.